Splinter (2008): dubwana la sheli linalorukwa na wengi

Kwenye duka lolote la kuingiza muvi kwenye flashi, kuanzia Sinza hadi Mbagala, kuna muvi za kutisha ambazo watu huzipita bila kuuliza. Splinter ni mojawapo. Jina halisemi kitu, haina steringi wa bango kubwa, na imedumu dakika 82 tu, muda ambao mteja wa kibanda umiza angeona kaibiwa. Iruke kwa sababu hizo na utakuwa umeruka mojawapo ya muvi za madubwana zilizotengenezwa kwa akili nyingi kuliko hela.

Splinter maana yake kibanzi, kile kinachokuingia kidoleni ukipapasa ubao ambao haujapigwa randa. Muvi nzima inaning'inia kwenye kibanzi hicho. Seth na Polly wameenda kupiga kambi huko Oklahoma, Marekani. Hema linawashinda, wanageuza kutafuta pa kulala. Njiani wanatekwa na Dennis, mfungwa aliyetoroka, akiwa na mpenzi wake Lacey, ambaye ni teja. Gari linamkanyaga mnyama aliyejaa miiba kama nungunungu, tairi linapata pancha, na wakati wa kulibadilisha Dennis anachomwa kidole. Mtazamaji mzembe atadhani hapo hamna kitu. Baadaye wote wanaishia kwenye sheli iliyo peke yake usiku. Fikiria sheli zile za mbele ya Mlandizi, taa zinawaka, mtu haonekani. Mhudumu yuko chooni, na hali yake hutaitaka.

Hayo yote yanapita haraka, kwa hiyo usitoke kwenda kuchukua karanga.

Dubwana lenyewe ndilo hasa la kujadili. Filamu haihangaiki kutueleza lilikotoka, na imefanya vizuri. Inachotupa ni kanuni, na kanuni hizo haizivunji. Linaingia mwilini kwa kuchoma. Linanyonya damu. Likishauteka mwili, uwe hai au maiti, linauendesha kama mtu anavyoendesha kikaragosi, ila halijui wala halijali goti linakunjika upande gani. Ndiyo maana maiti inatembea kwa kuvunjika: mkono unapinda kinyume, shingo inalala begani, mguu unaburutwa kisha ghafla unafyatuka. Kiungo kilichokatika nacho kinaendelea kuwinda chenyewe. Kuna kiganja kimoja humo ndani ya duka la sheli ambacho kitakufanya upandishe miguu kwenye kochi.

Wazo hili lina ndugu yake duniani. Kuna kuvu waitwao Ophiocordyceps wanaomteka siimafu (aina ya sisimizi) wa misituni, wanampandisha kwenye mmea, wanamfanya aume jani mpaka afe hapo, kisha wanachipua kutoka kichwani mwake. Seth ni mwanafunzi wa biolojia anayesomea shahada ya uzamivu, kwa hiyo anapoanza kulichunguza dubwana kama mtu wa maabara, hujioni unadanganywa.

Kanuni ya mwisho ndiyo tamu: dubwana halioni, linafuata joto. Kuanzia hapo filamu inageuka hesabu. Ndani ya duka kuna chumba cha baridi cha vinywaji, mifuko ya barafu, fataki na vibiriti. Nje kuna gari la polisi lenye redio. Utatumiaje hivi kufika pale? Kila kifaa kinachotumika ulishakiona rafuni mapema. Hakuna bunduki inayodondoka kutoka mbinguni dakika ya 70, ugonjwa unaozisumbua sana muvi zetu za Bongo.

Palipopwaya ni kwenye mwili wa binadamu. Mtu ana nyuzi 37 hivi. Akishuka chini ya 35 anaanza kutetemeka vibaya, vidole vinakosa ushirikiano, na fikra zinakuwa nzito. Kujifunika barafu kisha ukatembea kwa utulivu na kufanya kazi ya mikono ni jambo ambalo filamu imejipunguzia ugumu. (Ungefanyia jaribio hilo Dar mwezi Februari, usiku ukiwa bado unachemka, barafu ingeisha kabla hujafika mlangoni.) Lakini hata hapo, anayejipoza anaonekana akiteseka, na hilo linasamehesha.

Kuna tukio la kukata mkono kwa kisu cha kukatia maboksi na tofali la saruji. Halijapambwa. Kisu kile hakipiti mfupa, na filamu inalijua hilo, ndiyo sababu tofali lipo. Kama tumbo lako ni jepesi, hapo angalia pembeni. Sauti peke yake itakutosha.

Mwongozaji Toby Wilkins ametokea kwenye kazi za athari maalumu za picha, na inaonekana. Dubwana kwa sehemu kubwa ni mtu ndani ya vazi na viungo vya bandia, si katuni ya kompyuta. Kasoro kubwa nayo inatoka hapo hapo: kila dubwana linapovamia, kamera inatikiswa na picha zinakatwa haraka mno, mpaka hujui nani kashikwa wapi. Ni mbinu ya kuficha vazi. Mara ya kwanza inatisha. Mara ya nne inachosha macho.

Waigizaji wanaozungumza ni wachache kabisa, na Shea Whigham, anayecheza Dennis, anawazidi wote. Anaanza kama adui, na bila hotuba yoyote unaanza kumwombea. Polly wa Jill Wagner si binti wa kupiga kelele tu. Ndiye anayeendesha mambo wakati Seth, mwanamume wa vitabu asiyejua hata kuendesha gari la gia, anajikanyaga. Lacey amepewa nafasi ndogo na anaondoka mapema.

Sasa namna ya kuitazama. Karibu muvi yote ni usiku, na giza ndilo la kwanza kuharibika faili linapobanwa. Kopi ya MB 300 kwa dakika 82 ni karibu nusu megabiti kwa sekunde: vivuli vinageuka vibox vyeusi na dubwana linapotelea humo. Tafuta ya GB 1.5 au zaidi. Kwenye runinga, zima ile mipangilio ya kulainisha mwendo, kwa sababu mwendo wa dubwana umekusudiwa uwe wa kukatikakatika, na runinga ikiulainisha linaonekana mtu kavaa gunia. Usipandishe mwangaza kupita kiasi. Zima taa ya sebuleni badala yake. Sauti ichukue spika ya nje au hedifoni, maana spika za nyuma ya runinga bapa zinaimeza milio ya mifupa inayovunjika, na milio hiyo ndiyo inayokuambia dubwana limefika kabla hujaliona. Toleo lililotafsiriwa liepuke kwa hii moja: DJ anayetafsiri atazungumza juu ya ukimya ambao ndio kazi yenyewe. Maneno ni machache na Kiingereza chake chepesi.

Watoto wakalale kwanza.

Dukani taja na mwaka, 2008. Kuna nyingine yenye jina hilo hilo ya 2006, ya magenge ya Los Angeles, na muuza haraka anaweza kukuwekea Splice ya 2009, ambayo ni kiumbe cha maabara na ni habari nyingine kabisa. Ukiona tairi lenye pancha na sheli tupu ndani ya dakika za mwanzo, umepewa yenyewe.