Kula Roma: Trastevere au Testaccio?

Mtaa wa Trastevere unapendeza macho: vichochoro, taa, meza nje. Ila karibu na uwanja wa Santa Maria utakuta menyu za picha na mhudumu anayekuita toka mlangoni. Mimi huko hunywa kahawa tu, nimesimama kaunta.

Tumbo nalipeleka mtaa wa Testaccio, ushukie stesheni ya Piramide. Palikuwa na machinjio hadi 1975, ndiyo maana wapishi wake ni mafundi wa matumbo na mkia wa ng'ombe. Mkia huo, coda alla vaccinara, huchemshwa kwa nyanya na seleri mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Mchana, nenda sokoni. Asiyekula nguruwe aulize kwanza: tambi za carbonara na amatriciana kwa kawaida hutiwa guanciale, shavu la nguruwe.