Miaka kumi na redio kando ya cherehani: vipindi vya kupiga simu nilivyoviona mimi

Kabla sijaanza punguza redio yako kidogo ndugu msikilizaji, mana hatutasikizana. Hahaha. Kama umewahi kufungua kipindi cha simu hata siku moja unajua hiyo ndio bismillahi yao, mtu kangoja nusu saa apate laini, kaipata, kaulizwa jina, kaulizwa anapigia wapi, alafu aambiwe apunguze redio, akienda kupunguza akirudi laini imekatika. "Tumempoteza msikilizaji wetu, twende kwa mwengine."

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Mombasa. Macho na mikono viko kwa kitambaa lakini masikio yako huru kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka magharibi. TV siwezi, nitajishona kidole. Kwa hivo nikisema hivi vipindi nimevisikiliza, nimevisikiliza kweli, masaa kumi kwa siku mwaka wa kumi huu, na redio yenyewe ni ile ndogo ya memori kadi, eriel ilivunjika nimefungia waya wa hanga na inashika vizuri kuliko zamani.

Asubuhi ukipita hii barabara yetu kila kibanda utasikia Patanisho ya Radio Jambo, ya Gidi na Ghost. Kwa wale hawajui, Gidi ndio yule wa Gidi Gidi Maji Maji, wale wa ule wimbo uliozunguka nchi nzima wakati wa kampeni za muungano wa NARC 2002, na Ghost ni Ghost Mulee, kocha aliyetupeleka AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, ya Tunisia 2004 tukawafunga Burkina Faso tatu bila. Mwanamuziki na kocha wa mpira wamekaa wanapatanisha ndoa za watu, na inafanya kazi, wallahi sijui kwa nini lakini inafanya kazi. Mtu anaomba apatanishwe na mwenzake, anaelezea kosa lake, na hapo ndio utamu, mana kosa analolieleza ni nusu. "Nilimkosea kidogo tu, nilichelewa kurudi nyumbani." Kisha anapigiwa mke, mke anasema huyo mwanamume hakuchelewa, alipotea miezi minne na godoro akabeba. Mteja wangu mmoja aliwahi kucheka mpaka akakalia pini.

Kile nampendea Gidi ni kwamba anajua kunyamaza. Mke akianza kulia hajazi ile nafasi na maneno, anaacha, unasikia kuku wa kule anakopigia simu, alafu huyo mama mwenyewe anaendelea. Watangazaji wengi hilo hawana. Wakisikia kimya sekunde mbili wanadhani redio imezima, wanarusha kicheko cha mashine au tangazo la mkopo. Ghost naye kazi yake ni kucheka, na kicheko chake ni cha kweli, huwezi kukiiga, lakini kuna siku nasikia mtu anaongea jambo zito na nasema moyoni, kocha, hapa mfanyie sabu.

Kwa matatu, hizi gari zetu za abiria, ni habari nyengine. Ukitoka Bamburi kuja mjini asubuhi kwa miaka mingi ilikua lazima umsikie Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i wa redio ya Classic 105, na mada ni pesa na ndoa, ndoa na pesa, Jumatatu mpaka Ijumaa. King'ang'i alikua anajifanya mzee mshamba wa kule ndani anawapiga vijembe wanawake, Maina anawatetea wanawake, simu zinafunguka, na abiria nao wanagombana huko nyuma kama vile wao ndio wamepigiwa. Ni mchezo mzuri sitakataa. Shida yangu ni kwamba ukisikiliza wiki mbili umesikiliza mwaka, mpiga simu ni yule yule kabadilisha jina tu, "mimi mume wangu ananipa mia mbili ya matumizi." Na watoto wa shule wamo humo humo kwa gari wameshika mabegi wanasikiliza mambo ya kitandani ya watu, na kanuni za utangazaji Kenya zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku redio ijue kuna watoto wanasikiliza. Kanuni ziko. Dereva naye ana volyumu yake.

Mimi mwenyewe nimepiga mara tatu. Vituo sitataja, nisije nikaitwa.

Mara ya kwanza nilikua na kredo ya hamsini. Laini ikashika, nikaambiwa na kijana subiri usikate, nikasubiri, nasikia kipindi kinaendelea kwa sikio hili kwa simu na kwa sikio hili kwa redio, ile ya simu iko mbele kidogo ya ile ya redio, nikawa kama mganga najua neno kabla halijasemwa. Zikapita dakika kumi na tano. Nikasikia "na sasa tuko na msikilizaji wetu kutoka Majengo," nikasafisha koo, nikasema hallo, kredo ikaisha. Hamsini yangu imeenda na taifa halijasikia chochote. Watu hawafikirii hili jambo, lakini kipindi cha simu ndio kipindi rahisi kupita vyote kutengeneza, hadithi unaleta wewe, sauti ni yako, hasira ni yako, na simu umelipa wewe, na hapo katikati wanauza matangazo. Hata mama wa mahamri wewe ukimletea unga na mafuta yako atakupunguzia bei.

Mara ya pili ndio niliyojifunza. Mada ya siku, mume amwambie mkewe anapata shilingi ngapi au asimwambie? Nikapiga kwa sababu nilikua na la maana la kusema, nilitaka kusema amwambie, mana fundi mwenzetu alifariki ghafla na mkewe hakujua nani anamdai nani, daftari lote aliliweka kichwani. Yule kijana wa nyuma anayepokea simu akaniuliza uko upande gani. Nikamwambia amwambie. Akasema, "Buda, wa amwambie tunao sita hapa, tunatafuta wa asimwambie. Uko sawa?" Na mimi mjinga, kwa vile nishafika mlangoni sikutaka kurudi, nikasema niko sawa.

Nikawekwa hewani. Na mnajua nini, niliongea vizuri! Sijawahi kuongea vizuri vile maishani. Nikasema mwanamke akijua mfuko wako, wewe umekwisha, nikasema samaki akivuliwa hapewi hesabu ya ndoano, hata sijui hiyo niliitoa wapi, mtangazaji akacheka akasema huyu fundi wa Majengo apewe kipaza sauti chake mwenyewe. Nikakata simu nimejaa kifua.

Saa saba mchana nikaenda nyumbani kula. Mke wangu kaniwekea wali na mchuzi wa pweza, kanimiminia maji ya mkono, kakaa kando. Akasema, "Kumbe mimi ni samaki."

Jina nilikua nimebadilisha. Nilisema naitwa Hamisi. Lakini jina unabadilisha, sauti utaipeleka wapi? Ilinibidi nilete daftari la mapato nyumbani jioni ile ile na mpaka leo linakaa kwake, na vijana wa bodaboda mpaka leo wakipita mlangoni wananipigia "samaki!" Kwa hivo ukweli wangu wa mwanzo ndio uliotimia ila kwa njia ya aibu. Sasa nikisikia mtu anatetea upuuzi kwa redio asubuhi kwa nguvu zote, sikasiriki tena, najiuliza huyu naye alikua upande gani kabla hajapokelewa.

Mara ya tatu ilikua Ramadhani, redio ya hapa hapa Pwani, kile kipindi cha maswali kabla ya magharibi sheikh anajibu. Hapa kwetu hivi vipindi viko vingi mwezi ukiandama na vinafanana, mtangazaji mmoja, sheikh mmoja, simu moja. Mtangazaji anasema assalamu alaikum, uliza. Basi. Hakuna mziki chini chini. Mwanamke akipiga akasema jina sitasema, anaambiwa haya mama uliza, hapembelezwi, hafanyiwi utani, na baadhi ya hayo maswali ni ya ndani kabisa, ya twahara na ya unyumba, lakini yanaulizwa na yanajibiwa kwa heshima na hakuna aliyecheka, wala hakuna anayepigiwa upande wa pili. Mimi niliuliza kuhusu mzee wangu, ana kisukari na kichwa ni kigumu hataki kula mchana. Nikaachwa nikamaliza, nilikua naenda mrama, narudi nyuma, namtaja mpaka mjomba, hakuna aliyenikata. Sheikh akanambia mgonjwa ana ruhusa yake kwenye Qurani yenyewe, na akanambia nimpeleke kwanza kwa daktari, daktari akisema asifunge basi asifunge na alishe maskini. Nikambebea mzee hilo jibu na jina la sheikh juu yake, na akala. Miaka yote mimi namwambia haliingii, ikasema redio likaingia.

Hapo ndio huwa namkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, katuacha Februari 2025. Kile kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza 1966 na sisi tumekulia nacho hapo KBC, redio ya taifa. Hakikua cha simu, lakini kilikua ni cha kusema watu kama hivi vya sasa. Tofauti yake, Mbotela alikua anasema tendo. Mtu anayekwenda ugenini saa ya chakula. Mtu anayekujibu huku anachokonoa meno. Wewe uko kwenye kiti unasikia moto masikioni mana unajijua, lakini jirani hajui kama ni wewe. Sasa hivi tendo hata halina haja, tunataka mtu, tunataka alie, na tunataka tujue anakaa wapi.

Na mimi ni mmoja wao, nisijitoe. Kuna kituo kimoja kina kipindi cha namna ya hiyo ya kupatanisha, sitakitaja. Siku moja nashona dera la mteja wangu, ni dada wa mtaa wa pili, kitambaa kizuri cha maua ya zambarau, nimefika kwa pindo. Redio inaongea. Mwanamume kapiga analalamika mkewe kamtoroka na anataka arudi, kapewa jina jengine, mke naye wakampa jina jengine. Wakampigia mke. Akasema hallo, na mguu wangu ukasimama kwa pedali.

Ilikua sauti ya mwenye dera. Na alikua hajui kama yuko hewani, ile salamu yake ilikua ni ya mtu anayedhani ni mteja wa bizari, mana anauza bizari. Walimwambia katikati, baada ya kwisha kusema yale ya ndani, kwamba mume alikua anampiga, na lilianza lini, na mama mkwe alisema nini. Akanyamaza. Mtangazaji akasema, "Hallo? Bado uko nasi?" Kisha tangazo la sabuni.

Dukani nilikua na wateja watatu wanawake. Hakuna aliyesema ni yule. Wote walikua wanaliangalia hilo dera.

Kwa hivo mkiniuliza nyota, Patanisho nawapa nne, moja nimeitoa kwa wale wanaopigiwa bila kuulizwa. Vya matatu navipa mbili, na hizo mbili ni za King'ang'i kwa kunichekesha nikiwa na mawazo. Vile vya maswali ya Ramadhani sitaki kuvipa nyota mana si vya kupimwa hivo. Kile cha dera sikipi hata moja, na bado huwa nakifungua nikisahau.

Na kama unataka kupiga, weka kredo ya mia siyo hamsini, ondoka karibu na redio kabisa usiambiwe upunguze, na ukiulizwa uko upande gani sema wako hata kama wamejaa sita.

Yule dada alikuja kuchukua dera siku ya nne. Nilimwona akivuka barabara, nikaruka nikazima redio. Akaingia, akajaribu dera juu ya nguo, likamkaa. Akaangalia kule juu kwa rafu.

"Fundi, leo redio yako ina nini?"

"Betri," nikasema.

Waya wa stima wa redio ulikua umening'inia pale pale mbele yake. Akauangalia, akaniangalia, akatoa pesa kwa fundo la leso akahesabu mara mbili.

"Washa tu, fundi. Hayo maneno mimi ndio wa kwanza kuyasikia."

Nikawasha. Walikua washafika kwa mpira.