Mikono mizuri, faili baya: kutibiwa mizizi ya jino kliniki ya wanafunzi

Gego la chini kushoto lilininyima usingizi wiki nzima. Kliniki binafsi mbili zilinitaka nilipe fedha ambayo sina, la sivyo ling'olewe. Jirani akanielekeza kliniki ya chuo hapa Dar, wanakotibu wanafunzi chini ya walimu wao.

Nianze na mikono, maana inastahili. Kijana wa mwaka wa mwisho alinichoma ganzi taratibu, akasubiri mdomo ukafa kabisa, akalivika jino mpira mwembamba wa kijani hadi likabaki linachungulia peke yake. Harufu ya jiki ikanijia: dawa wanayooshea mizizi ni ya jamii hiyo hiyo, na mpira ule unaizuia isiteremke kooni. Mifereji, yaani vijitundu vyembamba ndani ya mizizi, ilikuwa mitatu. Kila mmoja aliupima kwa kijisindano chenye kipete cha mpira, akapiga picha, akamwita mwalimu. Mwalimu akasema kipimo cha huu bado kifupi. Kijana akarudia bila kununa. Saa tatu. Taya lilichoka, maumivu sikuyasikia, na usiku ule nililala.

Mara ya pili nikapokewa na binti, yule kijana kahamia kitengo kingine. Akafungua faili. Mifereji miwili imeandikwa, milimita 19 na 20. Wa tatu, patupu. Dawa iliyoachwa ndani haikutajwa, sahihi ya mwalimu hakuna, na bahasha ya eksirei ilikuwa tupu. Akaniuliza mimi: "Samahani mama, unakumbuka walikuwekea dawa gani?"

Nimefanya kazi masijala miaka 26. Swali lile liliniuma kuliko jino. Ikabidi nipigwe picha upya, nipimwe upya, saa moja na nusu ikaliwa. Kijana simlaumu sana: glavu zake zilikuwa zimelowa na karatasi iko meza ya pembeni. Lakini pale kila kiti kina wanafunzi wawili, nimewaona. Huyu akitamka kipimo, mwenzake aandike papo hapo, na mwalimu asimruhusu mgonjwa kushuka kitini kabla hajatia sahihi. Jino hili likinisumbua miaka 5 ijayo, atakayelifungua ataanzia wapi?

Kuziba kulikwenda vizuri. Kwenye picha ya mwisho mistari mitatu myeupe imefika karibu na ncha za mizizi, haikupitiliza. Binti aliandika vipimo vyote, mwalimu akasaini mbele yangu nilipomwomba, nami nikaupiga picha ukurasa kwa simu. Jumanne narudi jino livishwe kofia ya kulikinga, na mdogo wangu nakwenda naye, ana jino lake linalomsumbua.