Miaka miwili katika kliniki ya presha mjini Kigoma: uzoefu wangu

Mimi ni karani wa mizigo ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuamua kama mizani inasema kweli. Muuzaji hapendi gunia lisome pungufu, mnunuzi hapendi lisome zaidi, kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya uzito tunaikagua kwanza mizani yenyewe: imekaa sawa, imeanzia sifuri, hakuna aliyeiegemea. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo lililonifanya niithamini kliniki ya presha ya kituo cha afya ninachotibiwa, na ndilo ninalolitumia kuipima hapa.

Safari yangu haikuanzia hapo. Mwaka 2022 nilipimwa bure katika hema lililokuwa limepigwa kandokando ya soko. Nilikuwa nimetoka stesheni, nimepanda mlima wa Lumumba hadi Mwanga na mkoba begani, na dakika chache kabla nilikuwa nimekunywa kahawa chungu vikombe viwili. Kijana aliyekuwa pale alinipima nikiwa nimesimama, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa koti. Mashine ikaonyesha 172/104. Kabla sijapata pumzi nilisogezwa kwenye meza ya pili, ambako mwenzake alikuwa akiuza chupa za dawa ya kusafisha damu kwa shilingi 25,000. Nilinunua, nami sioni haya kukiri, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba mshipa wake unaweza kupasuka wakati wowote hana muda wa kupatana bei.

Mama watoto ndiye aliyenituma kituo cha afya, akiwa na hasira zaidi ya fedha kuliko ya presha. Huko nilimkuta muuguzi wa makamo ambaye hata hakuigusa mashine nilipoingia. «Baba, kaa kwanza,» aliniambia, «egemea kiti, miguu chini, usiikunje, na tusizungumze.» Nilikaa dakika tano kwa saa ya ukutani. Kisha alinivua koti, akauweka mkono wangu juu ya meza usawa wa moyo, akachagua mkanda mpana baada ya kuujaribu ule wa kawaida na kuona haunitoshi, akapima mkono wa kulia na wa kushoto, akasubiri kidogo, akarudia. Alinieleza kwamba mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huipandisha namba, na kwamba kahawa, sigara, kupanda mlima na hata kibofu kilichojaa hufanya vivyo hivyo. Namba ya siku ile ilikuwa 152/96. Ilikuwa bado juu ya 140/90, mpaka ambao tabibu alinionyesha kwenye bango, lakini ilikuwa mbali na ile ya hemani. Hakunipa dawa. Aliniagiza nirudi baada ya wiki moja, kwa sababu presha haithibitishwi kwa kipimo cha siku moja isipokuwa imepanda kwa kiwango cha hatari.

Wiki iliyofuata ilisoma 148/94. Hapo ndipo nilipopimwa sukari na mkojo, nikaandikiwa vidonge vya amlodipini vya miligramu 5, kimoja kila siku, na kuelezwa bila kuzungushwa kwamba dawa hizi ni za muda mrefu na kwamba kujisikia vizuri si sababu ya kuziacha. Nilitahadharishwa pia kwamba vifundo vya miguu vinaweza kuvimba. Kwangu vilivimba kidogo, na kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa, nilirudi kuuliza badala ya kuvitupa vidonge kama alivyofanya jirani yangu mmoja.

Ushauri wa chakula ulinifurahisha kwa sababu ulitolewa na mtu anayejua tunakula nini hapa. Hakuna aliyenitajia vyakula vya hotelini. Muuguzi aliuliza kuhusu chumvi, na katika mkoa wenye migodi ya Uvinza chumvi si kitu adimu jikoni. Kipimo alichonipa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari ndani ya samaki. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hakunikataza, ila samaki wa chumvi aliniambia niwaloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Kuhusu mawese tulibishana. Alisema karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, nami nikamwambia kwamba mtu wa Ujiji hawezi kupewa mboga isiyo na rangi. Tulikubaliana kupunguza kiasi, na nyumbani sasa mawese yanapimwa kwa kijiko. Kumimina kutoka kwenye dumu kumekwisha.

Kwa malipo, niliingia kwa kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Sisi ni watano. Kumwona tabibu na kupimwa sikulipia tena. Kasoro ilikuwa dirisha la dawa: kadi ni halali, cheti kimeandikwa, lakini vidonge vimekwisha, basi unavuka barabara na kununua kwa fedha yako. Katika miaka miwili hilo limenitokea mara tano. Si kosa la muuguzi, lakini mgonjwa wa presha asiye na akiba ya fedha anaruka siku, na kuruka siku ndiko kunakomrudisha alikotoka.

Foleni ni ndefu, kwa kuwa kliniki hii ni siku moja kwa wiki. Ukifika saa moja asubuhi utatoka saa tano. Chukua kitu cha kusoma.

Jambo lililoniudhi kweli lilitokea mwaka wa pili. Siku hiyo muuguzi yule hakuwepo, na aliyemshikia nafasi aliniandikia 138/88 bila kunifunga mkanda. Nilipofungua daftari langu nje niliona ni namba ileile ya mwezi uliotangulia, imenakiliwa. Kumbe betri za mashine zilikuwa zimeisha. Kwangu mimi hilo ni sawasawa na kuandika uzito wa gunia ambalo halijapanda mizani. Nilirudi ndani nikaomba kuonana na mganga mfawidhi. Alinisikiliza bila kujitetea, akalikata lile andiko kwa kalamu nyekundu, na tukapimwa upya wote tuliokuwa bado pale baada ya betri kununuliwa dukani.

Mazoezi sikuyalipia chochote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, na mlima ule ule wa Lumumba ulionipandishia namba hemani ndio unaonitosha: naupanda siku tano kwa wiki, nusu saa kila siku, kabla jua halijawa kali. Na pale ninapokuwa na swali dogo usiku, napiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Niliitumia mara moja nilipokuwa nimesahau kidonge na sikujua kama nimeze viwili. Jibu lilikuwa nimeze kimoja tu, kama kawaida.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 132/84, mikono yote miwili, baada ya dakika tano za kukaa kimya. Kliniki ijayo ni Jumatano, na mfukoni mwa shati naenda na betri nne mpya.