Baiskeli ya mashindano ya kwanza: fremu ya kuchukua, na ya kuiacha hata kwa bei ya kutupa

Wakuu, ukimuuliza muuzaji wa baiskeli za mtumba hii saizi gani, atakujibu 28 au atakuonyesha 700 iliyoandikwa kwenye tairi. Hiyo ni ya tairi bana, na baiskeli za mashindano za watu wazima karibu zote zina hiyo hiyo 700, awe mfupi awe mrefu. Saizi ya fremu ni sentimita za bomba la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu chini) mpaka linapoishia juu, ndo hizo 50, 52, 54, 56.

Kabla hujatoka nyumbani pima mguu. Vua viatu, egemea ukuta, chukua kitabu kigumu ukipandishe katikati ya miguu mpaka kikubane kama umekalia siti, mwenzako apige alama ya penseli ukutani pale kitabu kilipoishia juu halafu mpime mpaka sakafuni. Zidisha kwa 0.67. Mguu wa sentimita 80 unakupa 53.6, kwa hiyo anza kutafuta 54. Hiyo hiyo 80 ukiizidisha kwa 0.883 unapata 70.6, huo ndo urefu wa siti kutoka kwenye ekseli, hesabu iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, yule Mmarekani aliyebeba mbio za baiskeli za Tour de France 1986, 1989 na 1990. Urefu wa mwili peke yake usiuamini, maana watu wawili wa sentimita 175, mmoja anaweza kuwa miguu mitupu na mwenzie kiwiliwili.

Haya, kwa mpangilio wangu, toka ya kuchukua mpaka ya kuiacha.

Ya kwanza kabisa ni saizi yako yenye bomba la juu lililoinama kwenda nyuma. Kampuni ya Giant ndo waliueneza mtindo huu na baiskeli yao ya TCR mwishoni mwa miaka ya 90, zikaja na S, M, L kama fulana. Hapa bomba la siti ni fupi, so ile 0.67 itakudanganya. Vuta futi kamba ikiwa mlalo, toka juu pale usukani unapoingilia kwenye fremu mpaka kwenye chuma cha siti (kile kinachobeba siti na kuzama ndani ya fremu), mtu wa 54 ategemee kama sentimita 54 au 55.

Ya pili, ndogo kwa hatua moja. Siti inapanda, na stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ukitoa ya milimita 90 ukaweka ya 110 mambo yanaenda. Ila chuma cha siti kina mstari wa mwisho, usiuvuke, utakuja kupasua fremu. Na ukikata kona taratibu ncha ya kiatu ikagusa tairi la mbele usishtuke, fremu ndogo ndo zilivyo, na ukiwa kwenye spidi usukani hauukunji hivyo.

Ya tatu ni zile za chuma za zamani, bomba la juu limenyooka. Hizi 0.67 inazifaa, na ukisimama umeipanua miguu juu ya bomba ubaki na nafasi ya sentimita mbili tatu hivi. Nzuri sana kwa kweli, mi nazipenda, lakini kwa sisi wa Dar, Tanga na Zanzibar chumvi ya bahari inagandisha chuma cha siti cha alumini ndani ya fremu, kikigoma hata fundi atahangaika nacho, na saizi yako haina maana kama siti haipandi wala haishuki. Legeza bolti, izungushe siti mbele ya muuzaji.

Ya mwisho, kubwa kuliko wewe. Hapa ndo wengi wanapigwa. Siti inashushwa mpaka inakalia fremu, unaambiwa si umeona miguu inafika? Inafika ndiyo, ila kushusha siti hakufupishi fremu, na ukiweka stemu fupi sana usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Panda, shika pale juu ya breki. Viwiko vikinyooka kabisa na mabega yakapanda masikioni, shuka, hata kama ni ya kaboni.

Nenda na futi kamba yako na alenkii, zile funguo za bolti zenye tundu la pembe sita, namba 4, 5 na 6. Muuzaji akikataa usiiguse siti, muache na baiskeli yake.