Vyombo vya zamani vya bafuni kama vyungu vya bustani: tangi la choo lashinda, bakuli lashika mkia

Kati ya vyombo vyote vinavyotolewa bafuni wakati wa ukarabati, tangi la choo ndilo linalofaa zaidi kupandia, na bakuli lake ndilo linalosumbua kuliko vyote. Watu wengi huanza na bakuli kwa sababu ndilo linalochekesha wageni. Wiki chache baadaye mizizi imeoza na lawama anapewa muuza udongo. Umbo na rangi ya chombo havina neno. Kinachoamua kama mmea utaishi ni njia ya maji kutoka chini.

Tangi lina njia hiyo tayari. Funga valvu ya maji, flashi, kausha masalio kwa sponji, kisha legeza nati zinazolishikilia kwenye bakuli. Nati hizo zikiwa na kutu usizilazimishe kwa spana ndefu, maana kauri hupasuka ghafla. Kata bolti kwa msumeno wa chuma. Ng'oa boya, valvu ya kuingizia maji na mtambo wote wa kuflashi, pamoja na mipira na washa zake. Kwenye matangi mengi ya aina ya kukaa juu ya bakuli, sakafu hubaki na tundu kubwa la katikati, matundu ya bolti pembeni na, mara nyingi, tundu la bomba la kuingizia maji. Huhitaji drili. Funika tundu kubwa kwa kipande cha wavu wa mbu ulioukunja mara mbili, liweke tangi juu ya matofali mawili ili matundu yasizibwe na ardhi, na kazi imekwisha. Kina chake ni karibu sentimita 30, kinachotosha mche mmoja wa pilipili au kichaka cha mnanaa. Mnanaa hasa unapendeza humo, kwa kuwa mizizi yake inayotambaa inakosa pa kukimbilia. Kile kifuniko cha tangi usikitumie kama sahani ya chini: maji yatatuama humo na ubora wote wa tangi utapotea.

Jambo moja la kuzoea: kauri ya vyoo huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi na hainyonyi maji karibu kabisa. Chungu cha udongo wa kawaida hupumua kwa kuta zake, hiki hakipumui. Aliyezoea kumwagilia vyungu vya udongo kila siku ataizamisha mimea yake akifanya vivyo hivyo hapa. Chomeka kidole sentimita 5, na ukikuta unyevu, acha.

Sasa bakuli. Chini yake pana shingo iliyopinda, iliyotengenezwa makusudi ili ishike maji na kuzuia harufu. Shingo hiyo haijui kuwa sasa uko bustanini. Itaendelea kushika maji, na sehemu ya chini ya udongo itakuwa matope ya kudumu. Dawa inayopendekezwa sana ni kujaza kokoto chini, nayo haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu ya mpaka wa tabaka hizo mbili mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo umelisogeza dimbwi juu zaidi, karibu na mizizi.

Kinachosaidia ni tundu. Hapa ndipo mabakuli mengi huvunjika, na karibu kila mara sababu ni biti, yaani kile chuma cha drili kinachotoboa. Biti ya kawaida ya ukutani huteleza juu ya mng'ao wa kauri, na ukiwasha mtindo wa kugonga wa drili, chombo kinapasuka. Tumia biti ya almasi yenye umbo la bomba, milimita 10 hadi 12. Bandika tepu ya karatasi mahali pa chini kabisa panapofikika ndani ya bakuli. Anza kwa kuinamisha drili nyuzi 45 ili biti ijichimbie kijifereji, kisha inyooshe wima taratibu. Mwendo uwe wa chini, mkono uwe mwepesi, na maji yawe yanapita mahali pa kazi muda wote, kwani bila maji almasi huungua na biti hufa kabla ya tundu la kwanza kuisha. Chanzo cha maji kiwe chupa iliyotobolewa kifuniko. Drili ya umeme wa waya isiloweshwe, ya betri ni salama zaidi. Unapokaribia kutokea upande wa pili punguza shinikizo, la sivyo kauri itabanduka kwa vipande vipana. Matundu matatu yanatosha. Vaa miwani na glovu nene: kigae cha kauri ya choo hukata nyama kwa kina.

Asiye na biti hiyo afanye kinyume: azibe kwa saruji mdomo wa kutokea nyuma, ajaze udongo mpaka upite usawa wa maji ili pasibaki maji ya wazi, kisha apande mafunjo au mmea mwingine unaopenda kinamasi. Kuziba huko ni lazima. Mbu hukamilisha safari ya yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 kwenye joto, na shingo iliyo wazi kwa nyuma ni kitalu chao.

Sinki la kunawia ni chombo cha wastani. Lina tundu la kutolea maji, lakini kina chake ni sentimita 15 hadi 20 tu. Sukulenti (mimea ya majani manene yenye maji), kotimiri na vitunguu vya majani vitaridhika, nyanya haitaridhika. Kasoro yake isiyoonekana ni kile kitundu cha maji ya ziada karibu na ukingo: nyuma yake pana mfereji uliofichwa ndani ya kauri, na sisimizi huhamia humo msimu wa kwanza. Uzibe kwa silikoni kabla ya kujaza. Mguu wa sinki usiuamini. Bafuni sinki hushikwa na bolti za ukutani na mguu husaidia tu, kwa hiyo bustanini, likijaa udongo uliolowa, litaanguka kwa kusukumwa na mtoto. Likae juu ya tofali, chini.

Beseni la kuogea ni bora sana kwa mwenye nafasi, ila kwanza lijue ni la nini. Sumaku ikinasa, ni chuma. Kama watu wawili wanashindwa kuliinua, ni chuma cha kusubu, chenye uzito wa kilo 100 na zaidi hata likiwa tupu. Sumaku isiponasa na ukuta ukinesa, ni akriliki, aina ya plastiki. Lita 200 za udongo uliolowa zinaweza kufika kilo 300, kwa hiyo wazo la kuliweka kwenye roshani au juu ya paa bapa liachwe mpaka fundi wa majengo aseme. Chini, miguu yake ikanyage vibao vya zege, kwani ikikanyaga udongo mtupu itazama upande mmoja baada ya mvua. Inamisha sentimita 2 kuelekea upande wa tundu. Tundu moja kwa beseni zima ni dogo, hivyo ongeza sita hivi. Kwenye chuma, pita tabaka la enameli, ule mng'ao mgumu wa juu, kwa biti ya almasi kwanza, malizia kwa biti ya chuma, kisha paka kingo rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Akriliki ni rahisi kutoboa lakini kuta zake hufutuka nje kwa uzito; usilitenganishe na fremu yake.

Mabeseni ya chuma yana swali zito zaidi ya yote: madini ya risasi. Enameli za zamani, na hata rangi ya nje ya miguu, zinaweza kuwa nayo, na enameli iliyochakaa huiachia. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978 tu. Basi beseni kuukuu la chuma lipewe maua, si mchicha. Wala usilikwangue kwa msasa mkavu, maana vumbi lake ni baya kuliko beseni lenyewe.

Usafi: magamba ya chokaa yaondoe kwa siki, suuza kabisa, acha chombo kikauke. Siku nyingine tumia klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika 30, kisha suuza tena. Klorini isikutane kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu papo hapo.

Mchanganyiko wa udongo ni mmoja toka chini hadi juu, bila tabaka: sehemu mbili za udongo wa bustani, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mnene. Kwa beseni la lita 200 hiyo ni lita 100, 50 na 50. Utashuka baada ya mvua za mwanzo, kwa hiyo weka akiba ya mchanganyiko kando. Kabla ya kupanda chochote, mwagilia mpaka maji yatokee chini na uangalie muda. Yasipoanza kutoka ndani ya dakika chache, toa udongo sasa, kagua wavu na matundu, maana beseni likishapandwa hakuna atakayekubali kulimwaga.