Gagi ya ringi tatu kwa farasi wa nguvu anayekimbilia vizuizi: maoni yangu baada ya kuitumia

Naandikia wenzangu wa Karen na Lang'ata, Nairobi, wanaotunza farasi waliotoka resi, maana hili swali la biti gani, kile chuma cha mdomoni, inamfaa farasi mwenye nguvu linaulizwa kila saa na jibu ni lile lile tu, mwekee kitu kikali. Hapana bana, si rahisi hivyo.

Biti yenyewe ni gagi ya ringi tatu, wengine huiita Pessoa, chuma kisichoshika kutu, inchi 5 na robo, na ile sehemu ya mdomoni ina viungo viwili na kipande kidogo laini katikati. Ile ya kiungo kimoja siipendi.

Farasi wetu ni thorobredi, aina ya farasi wa mbio, aliyekimbia resi pale uwanja wa Ngong kabla ya kuletwa kwa jampu, yaani kuruka vizuizi. Zizini ni mpole ajabu, unamsugua mwili mzima amesinzia. Lakini akishaona kizuizi mbele masikio yanasimama, shingo inashuka, anakuwekea uzito wote mikononi na kuvuta, zile hatua za mwisho zinakuwa fupi fupi za haraka, anaruka akiwa amelala bapa na boriti inakwenda chini na miguu ya mbele. Na hajakosa adabu, tuelewane hapo. Resi ndiyo imemfundisha hivyo, joki anakaza hatamu, farasi anaegemea biti na kuongeza mwendo, kwa hivyo ukimvuta mbele ya kizuizi yeye anasikia umemwambia twende. Ukizidi kuvuta anazidi kwenda.

Kabla hujanunua chochote muite daktari aangalie meno, vile vijino vidogo mbele ya magego ya juu na kingo kali za magego zenyewe, na uangalie kama tandiko linamfinya mgongo. Farasi anayeumia hukimbia ili maumivu yaishe haraka, hapo hakuna biti itakayokusaidia.

Sasa kwa nini gagi. Snafli ya kawaida, ile biti rahisi ya ringi moja kila upande, alikuwa anailalia tu. Waterford, ile ya vipira vya chuma vilivyoungana kama mnyororo, ilimnyima mahali pa kuegemea na hapo nilifurahi, lakini akaanza kujificha nyuma ya biti, hataki kuigusa kabisa, na kwa mpandaji ambaye mikono haijatulia ile kitu inakwaruza mdomo. Pelham ni nzuri sana kwa farasi anayeinua pua juu angani, ule mnyororo wa chini ya kidevu unamrudisha chini, ila wetu tayari yuko chini! Alikunja kidevu mpaka kifuani na akaendelea kukimbia vile vile. Ndio nasema uangalie kwanza kichwa chake kinaenda wapi akianza kuvuta, halafu ndio uchague.

Gagi inafanya kinyume. Simama kando yake, shika hatamu iliyofungwa ringi ya chini uivute polepole, utaona biti inazunguka na kupanda, ile mikunjo miwili ya pembe ya mdomo inaongezeka, na ule mkanda wa kichwani unaoshikilia biti unakaza nyuma ya masikio. Kisogo kinabanwa, lakini midomo inavutwa juu na farasi aliyekuwa anachimba chini anainua shingo. Kwa huyu wetu ilifanya kazi kweli, anarudisha uzito nyuma na mpandaji anapata nafasi ya kupumua kabla ya kizuizi.

Lakini tumieni hatamu mbili jamani. Moja ringi kubwa, hiyo ndiyo ya kazi zote na inakaribia kuwa snafli, nyingine ringi ya chini yake na ikae imelegea mpaka pale anapochukua biti, unaikaza kidogo, akisikia tu unaachia HAPO HAPO. Kuachia ndiyo kazi yenyewe. Naona watu wanafunga hatamu moja ringi ya mwisho kabisa na kuning'inia nayo kozi nzima, na farasi kichwa juu, mgongo umezama, hawezi kuuzungusha akiruka, halafu wanamlaumu yeye akiangusha.

Siwezi kumpa mtoto hii biti, wala mtu anayejishikilia na hatamu akiruka. Pia mashindano ya dresaji, yale ya kuonyesha utulivu na utii wa farasi, hawaikubali, utahitaji nyingine ya siku hizo. Sisi kazi ya kila siku ni snafli, gagi inatoka siku za jampu peke yake, ili asije akaizoea ikawa haina maana.

Na boriti za chini ndizo zimefanya nusu ya kazi, siwadanganyi. Tunazilaza kama mita 1.3 kati yake za troti, ule mwendo wa kati, kisha kizuizi kidogo cha msalaba na boriti moja karibu mita 2.7 mbele yake, ingine upande wa kutua, anaanza kuangalia miguu yake badala ya kufikiria mbio. Akichemka anazungushwa duara mpaka atulie ndio aruke. Bado akigeuka kuelekea getini anaongeza mwendo, sijapata dawa ya hilo, ila raundi zake sasa zinatazamika.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya umaliziaji, pale kwenye kiungo palikuwa na kingo kidogo inayokwaruza, duka wakanibadilishia bila maneno. Pitisha kidole kila mahali kabla ya kulipa, hasa kama ni ya mtumba maana viungo vilivyolika hufinya ulimi. Kipimo cha upana wa biti, pitisha kamba mdomoni, weka alama midomo inapoishia pande zote, pima halafu ongeza kama nusu sentimita.